Sumu, Sehemu ya Pili

Bi Mwanahawa alinipiga kibao mara moja tu maishani, na mpaka leo naweza kukuonyesha kilipotua. Wiki mbili zilizopita mjukuu wake Hawa, mwenye duka la dawa pale Mlandizi ninakonunua vidonge vyangu vya presha, alinipigia simu asubuhi. "Bibi Dora, bibi ametutoka," akasema. Nikampa pole, nikakata simu, nikabaki nimekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Niende nisiende? Mwisho nilikwenda, maana kuogopa msiba wa mtu aliyekuchukia ni utoto, na mimi utoto ulinitoka zamani. Nikakuta wanawake wamejaa chumbani, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, birika la chai ya tangawizi linazunguka, sinia la wali liko katikati. Nikasalimia, nikapewa nafasi karibu na mlango. Vikongwe wawili upande wa dirishani wakaanza kunong'ona kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri, ambayo nyumba nzima huisikia. "Ndiye yule." "Yupi?" "Si yule msomi asiyejua kusoma, aliyemponza Mzee Pazi." Nikanawa mikono, nikala wali wangu. Jina hilo nimelibeba zaidi ya miaka arobaini, tumeshazoeana.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwaka wa foleni, tulipokuwa tukifua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni na kula ugali wa yanga, wa mahindi ya njano, mpaka tukausahau ule mweupe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo, nimepangiwa kazi Kisarawe kuwa msaidizi wa mkaguzi wa maduka ya dawa. Eneo letu lilianzia vilima vya Kisarawe, likateremka hadi Vihingo, likavuka kuingia Kibaha na kuishia Gwata, na gari lilikuwa Landrova moja iliyowaka kwa kusukumwa. Ofisi yetu ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo: dirisha dogo linalotazama bonde la Pugu, meza moja, viti viwili, rafu ya dawa tulizozikamata. Juu ya meza, mahali ambapo ofisi nyingine huweka mhuri, ilikaa nyundo. Nyundo ile ilikuwa ya Bwana Mapunda, mkaguzi mwenyewe, mtu mnene aliyewahi kuwa tabibu jeshini na ambaye jeshi halikumtoka hata kidogo. "Dawa iliyooza haifungiwi kabatini, Dora," alinifundisha siku ya kwanza. "Inauawa." Kisha akanipeleka nyuma ya ofisi kwenye jiwe kubwa, akapanga chupa, akaziua zote mbele yangu.

Nisijifanye malaika. Mwaka ule tulipiga watu. Tulitembea na mgambo wawili wenye virungu, na Bwana Mapunda hakusubiri waanze wao. Katika duka moja la njiani, ambalo jina lake naliacha, tulikuta kopo la vidonge vile ambavyo watu walikuwa wakiviita rangi mbili, na nilipokifungua kimoja kikamwaga unga wa muhogo. Bwana Mapunda hakupandisha sauti. Alimshika mwenye duka kisogoni, akamkalisha kizingitini mbele ya wateja wake, akamlisha kimoja baada ya kingine, kopo zima, bila maji. "Meza. Si chakula hiki? Meza." Yule mtu alipaliwa, akatapika, akapigwa kirungu cha mgongo, akameza tena. Kopo nililishika mimi. Tena nilicheka pamoja na waliokuwa wakicheka, na nilipopewa nyundo nivunje chupa zake za dawa ya kikohozi, nilivunja hata zile ambazo muda wake ulikuwa haujaisha. Niliipenda sauti ile. Jioni tulikula mihogo ya kuchoma kwa mama ntilie, Bwana Mapunda akanimegea kipande chake cha papa, akasema nitakuwa mkaguzi mzuri, nami nikafurahi sana.

Kwa Mzee Mwinshehe Pazi hatukuvunja kitu. Duka lake lilikuwa katika kijiji kimoja upande wa Gwata, chumba cha udongo kilichopakwa chokaa, ubavuni mwa nyumba yake. Ujanani alikuwa dresa, mfunga vidonda, kwa hiyo kijiji kikamwita Daktari, naye hakukikataza. Nilipoingia mara ya kwanza viatu vyangu vikazama kwenye mchanga mbichi. Makopo yote yalipangwa juu ya mchanga uliomwagiwa maji, na dawa za macho zilikaa ndani ya mtungi. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Mbona dawa unazimwagilia kama mchicha?" "Marahaba, mwanangu," akanijibu kwa heshima zote. "Si niliambiwa nauza dawa baridi? Baridi lazima niilinde." Ndivyo watu walivyoyaita maduka ya aina yake, yaliyoruhusiwa kuuza aspirini, klorokwini na vitu vidogo vidogo visivyohitaji cheti cha daktari, na yeye jina hilo alilichukua lilivyo. Hata Bwana Mapunda alicheka. Na ajabu ni kwamba dawa zake zilikuwa nzima kuliko za duka lolote tulilokagua mwaka ule.

Ukutani alikuwa ametundika leseni yake, karatasi ya Kiingereza, ndani ya fremu ya kioo iliyowahi kuwa na picha ya harusi yao. "Mimi kanitoa, kaweka karatasi," Bi Mwanahawa, mkewe, alininong'oneza huku akinipakulia ugali na kisamvu cha nazi. Wakati huo alinipenda. Mzee Pazi akaniomba nimsomee maandishi yale, kwa sababu Kiingereza, alisema, kilimpitia mbali. Nilikuwa na njaa na tonge limeshafika mdomoni. "Yanasema wewe ni mtu halali, mzee," nikamjibu bila hata kugeuza shingo. Akarudia polepole, "Mtu halali," akamwita mkewe aje asikie, akawaita na watoto. Nilikuja kuambiwa kwamba tangu siku hiyo kila aliyembishia dukani alioneshwa ukuta. "Soma pale. Mwinshehe Pazi ni mtu halali." Uvivu wangu wa dakika moja ukawa ndio sifa ya nyumba nzima.

Niliporudi ofisini niliandika ripoti yangu, na pale pa aina ya duka nikaandika duka la dawa baridi. Bwana Mapunda akaisoma, akaniambia niweke mkono mezani. Nilidhani anatania. Akanichapa vidole kwa ukingo wa rula ya chuma mpaka kucha moja ikageuka nyeusi. "Baridi ya nini? Soda?" akafoka. "Kwenye sheria hakuna dawa baridi. Sheria inasema sumu. Sumu, sehemu ya pili. Sema." Nikasema. Ndivyo ilivyokuwa kweli: waliotunga sheria waliziandika dawa za namna ile kwenye orodha ya sumu, kwa kuwa hata aspirini ukiila kupita kiasi itakuua, na leseni zote za maduka yale zilisema mwenyewe anaruhusiwa kuuza sumu za sehemu ya pili. Nililia kwa maumivu, lakini nikitaka kusema kweli, nililipenda pia neno lile. Lilinitenga na watu wa barabarani wanaosema baridi. Nikaanza kulitumia kila mahali nikiwa na kidole kimefungwa kitambaa.

Miezi michache baadaye tuliitwa Gwata haraka. Mtoto wa miaka mitatu amefariki, mtoto wa mkulima kijana aitwaye Athumani. Alikuwa na homa kali, mama yake akanunua klorokwini kwa Mzee Pazi, akampa, na kesho yake mtoto akashikwa na degedege akafa. Homa ndiyo iliyomuua, dawa ilimkuta amekwisha. Lakini nenda ukamwambie hayo mtu aliyetoka kuzika. Tulikuta kijiji kizima kimesimama mbele ya duka, kimya, na ukimya ule ndio ungetutisha kama tungekuwa na akili. Mgambo hatukuwa nao. Siku hiyo walipelekwa kusimamia foleni ya sukari. Tulikuwa Bwana Mapunda, dereva na mimi. Ndani ya duka Mzee Pazi alikuwa amevaa kanzu yake safi, amekaa kwenye kigoda, kopo la klorokwini amelipakata. Bwana Mapunda akalikagua kopo, akatazama muda wake, akavunja kidonge, akakiweka ulimini, akakunja uso kwa uchungu. "Safi kabisa," akasema. "Mzee huyu hana kosa. Dora, itoe leseni yake nje uwasomee, wajue ni duka halali, watawanyike. Mimi namalizia makopo haya." Mzee Pazi akaitungua fremu mwenyewe, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanzu, akanikabidhi. Uso wake ulitulia. Akatoka nyuma yangu, akasimama ubavuni pangu ili asikie akisifiwa.

Nilipanda juu ya kizingiti. Athumani alikuwa mbele kabisa, udongo wa kaburi haujamtoka kwenye viganja. Ningeweza kusema hii ni leseni ya dawa baridi, na kila mtu pale angenielewa, na mimi leo ningekuwa mwanamke mwingine. Lakini nilikuwa na karatasi ya serikali mkononi na watu mia wananitazama mdomo. Nikaitafsiri neno kwa neno. "Kwa mujibu wa sheria," nikasema kwa sauti ya redioni, "Mwinshehe Pazi ameruhusiwa kuuza sumu, sehemu ya pili, kwa rejareja, mahali hapa." Nikamsikia mzee akishusha pumzi pembeni yangu, kisha akaizuia. Mwanamke mmoja akauliza, "Sumu?" Mwingine akasema, "Kama hiyo ni sehemu ya pili, ya kwanza kaila nani?" Athumani hakupiga kelele. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Dada, hebu rudia." Hapo ndipo ninapojilaumu. Kosa la kwanza naiachia rula ya Bwana Mapunda, lakini la pili ni langu mwenyewe. Aliponiambia nirudie, nilidhani hakunisikia vizuri, nikaona fahari, nikarudia kwa sauti ya juu zaidi.

Mpini wa jembe la Athumani ulipita kando ya sikio langu ukampata mzee mdomoni. Meno yake niliyasikia. Fremu ilinitoka, kioo kikavunjika miguuni, na watu wakapanda juu ya kizingiti kutoka kila upande. Mzee Pazi hakuinua hata mkono kujikinga. Alikuwa bado ananitazama mimi. Walimvuta kwa kanzu mpaka ikachanika, wakamwangusha kwenye vipande vya kioo, wakampiga kwa mipini, kwa mateke, na mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amempigia Bi Mwanahawa vigelegele siku ya harusi, akaja na mchi wa kutwangia akamshushia kifuani. Mimi nilipiga kelele, "Ni neno la sheria! Ni neno tu la sheria!" Hata sasa nikikumbuka kelele hizo naona haya kuliko nikikumbuka damu. Nilipojitupa juu yake nilipigwa mtulinga wa kulia, ukavunjika, na kila msimu wa mvua unanikumbusha. Bwana Mapunda akatoka na nyundo yake akapiga bega la mtu wa kwanza aliyemkuta, nalo likalegea pale pale, akampiga wa pili mkono, akawa anapiga kama anavunja chupa, mpaka dereva akaingiza Landrova katikati ya watu huku honi inalia. Tulimtupia mzee nyuma ya gari kama gunia. Bi Mwanahawa alirukia mlango gari likiwa limeshaanza kwenda. Mkononi alikuwa ameshika kanga moja na ile karatasi, imechanika vipande viwili.

Njia yote hadi hospitali ya Kibaha kichwa cha mzee kilikuwa mapajani mwangu. Wodini walimshona, wakamfunga, wakafanya waliloweza. Mimi walinifunga mkono shingoni wakaniambia niende nyumbani, nikakataa. Siku ya pili jioni akaita, kwa mdomo uliovimba, "Mwanangu, upo?" Nikasogea. Bi Mwanahawa alikuwa upande wa pili wa kitanda, anampepea. "Ile karatasi," akasema. "Ndivyo inavyosema kweli? Miaka yote ile nimeitundika, nimewaita watu waje waione. Sumu?" Machozi yalimtoka kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka. Aliyaogopa maandishi yale kuliko kifo, nikaona wazi. Alikuwa anataka kujua kama alikuwa amejitangazia aibu kwa mkono wake mwenyewe. Nami niliyejifunza kwa rula kwamba neno la sheria halibadilishwi nikasema, "Hapana, mzee. Nilisoma vibaya. Kiingereza changu kibovu, nikababaika mbele za watu. Pameandikwa dawa." Akanishika kidole kile chenye kucha nyeusi. "Inasema mtu halali?" "Inasema mtu halali." Akafumba jicho. "Nilijua," akasema. "Serikali haiwezi kumtundikisha mtu sumu ukutani." Kisha akamwambia mkewe, "Usimwonee. Mtoto kakosea kusoma tu."

Alifariki siku ya tatu, mchana, wakati wa kugawa uji. Bi Mwanahawa alimfunika, akamwekea sawa mikono, akatoka nje ukumbini nilikokuwa nimesimama, akanipiga kibao nikaenda mpaka ukutani. Mtulinga ulilia, nikaona giza. "Wewe mwana wewe! Kama hujui kusoma, pale juu ulipanda kutafuta nini?" Bwana Mapunda alikuwepo, akataka kumweleza, nikamshika mkono wa shati kwa nguvu zote zilizobaki. Alinifokea tulipofika kwenye gari. "Kwa nini unajisingizia? Ulitafsiri sawasawa! Neno kwa neno!" "Ndiyo, mzee," nikamwambia. "Neno kwa neno." Juma lililofuata nilifungua daftari la maduka nikakuta amelifuta neno lake kwenye kila ukurasa na kuandika kwa mkono wake mnene: dawa baridi, dawa baridi, dawa baridi. Nyundo aliendelea nayo. Mimi sikuishika tena, na kabla mwaka haujaisha niliomba uhamisho. Athumani alifungwa. Mtoto amezikwa, mzee amezikwa, na baba mtu yuko jela. Wauaji wa kweli walikuwa homa na neno moja, na hao hawakukamatwa.

Miaka imepita na nimejiuliza mara nyingi kama nilimdanganya mzee kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nadhani nilitaka kuadhibiwa kwa kosa dogo ili lile kubwa lisijulikane, na pia nadhani nilimpenda na sikutaka afe akijionea haya. Yote mawili ni kweli, na sijui lipi lilitangulia. Ninachojua ni kwamba uongo huo sikuurudisha nyuma hata nilipotukanwa sokoni, hata watoto wa Pazi walipokuwa wakinipita bila salamu. Hawa peke yake ndiye aliyenizungumzisha, akiwa na duka lake lenye vigae na feni, ambalo siku hizi linaitwa duka la dawa muhimu. Kila jina lina mwaka wake. Sijawahi kumwuliza anafikiri nini juu yangu, naye alikuwa ananihesabia vidonge vyangu bila kuniuliza kitu.

Basi siku ile ya msiba, sinia lilipoondolewa, wanawake wakafungua sanduku la marehemu kugawana kanga zake. Chini kabisa Hawa akakuta karatasi imekunjwa, vipande viwili vilivyogandishwa kwa gundi ya uji. Nikaitambua kabla hajaikunjua. Wale vikongwe wawili nao wakaitambua. "Ndiyo hiyo leseni ya babu yako!" mmoja akasema, na mtu wa mlangoni akanyamazisha watu wa uani. "Wewe umesoma mpaka chuo. Hebu tusomee tuisikie, maana mwaka ule ilisomwa na mtu asiyejua." Hawa akainamia karatasi. Niliona macho yake yanafika kwenye neno lile, yanasimama, yanarudi, yanalipita tena. Kisha akaniinulia uso. Sikumtikisia kichwa wala sikumkonyeza. Nilikuwa nimechoka, na kama angesema kweli ningemshukuru pia.

Hawa akasafisha koo. "Pameandikwa," akasema kwa sauti ya kutosha nyumba nzima, "Mwinshehe Pazi ni mtu halali."

"Si nilisema!" yule kikongwe akapiga paja. "Nilisema mimi! Yule msomi hakujua kusoma."

"Kweli, mama," nikamjibu kutoka mlangoni. "Sikujua."